Safu ya Bahari: Mikoko Ileile, Maji Mengine



Wako jamaa zetu wa Florida wapendao kwenda kuvua wakati wa baridi katika mikoko ya Everglades, hifadhi ya taifa iliyofunguliwa rasmi mwaka 1947. Aliyekulia Pemba au Lamu, aionapo mikoko hiyo, hudhani yuko kwao, na kumkodi nahodha mwenyeji huona ni gharama ya bure. Asidanganyike.

Kwetu bahari hufuata mwezi. Siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mvuvi huzijua siku hizo kwa kuhesabu. Kule kujaa na kupwa ni kudogo zaidi, na upepo una amri kubwa. Baridi kali iingiapo, upepo wa kaskazini huyasukuma maji nje, na palipopitika asubuhi huwa tope tupu adhuhuri. Mashua yenye watoto hukwama humo mpaka maji yarejee, na jua la kipupwe huchwa mapema.

Nahodha mwenyeji ayajua mahori yenye kina ambamo samaki hukimbilia baridi. Tena azijua sheria. Samaki aitwaye snuku hulegea maji yakipoa. Baridi ya Januari 2010 iliwaua wengi mno. Akinaswa katika miezi aliyopigwa marufuku, hurudishwa majini upesi, kwa mikono iliyoloweshwa.

Kabla ya kulipa, ulizeni kama nahodha ana leseni ya kuchukua wavuvi, kwani hiyo huwatosha na abiria wake. Kuuliza si ujinga.