Insulini bila frigo: joto si adui peke yake
Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, wagonjwa wa kisukari wanaulizana: insulini iliyokaa bila frigo ingali dawa? Mara nyingi ndiyo. Utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka 2021, ulirudia maabarani joto lililopimwa kambini Dagahaley, Kenya, digrii 25 hadi 37. Wiki nne, nguvu ya dawa ilibaki.

Kinachosahaulika ni mkono. Insulini ni peptidi, mnyororo uliojikunja. Ukitikisa chupa kwa nguvu mpaka povu, mnyororo unafunguka na kushikana mabongemabonge. Siku nzima ya kurukaruka kwenye pikipiki nayo haisaidii. Ile nyeupe, NPH, inabiringishwa polepole kati ya viganja. Anayechanganya mbili katika sindano moja avute kwanza ile safi kama maji, halafu nyeupe. Akigeuza, ataichafua chupa ya ile safi.

Tena frigo mbovu nayo inaweza kuua dawa: iliyoganda haifai, hata ikiyeyuka. Kwa chupa inayotumika, chungu cha udongo ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kinatosha.