JIKONI KWETU: Wali usiwe bokoboko, kuni zisiishe bure

Mwezi huu tunaongea habari za wali.

Tuanze kwa kukiri kosa. Siku ya kufunga muhula sisi walimu wa kujitolea tulitaka kuwapikia watoto. Nyumbani mmoja wetu hupika kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, na wali unatoka vizuri. Basi tukapiga hesabu ya ubaoni: mchele vikombe 40, maji vikombe 80. Hesabu ilikuwa sawa, wali ukawa bokoboko. Tukachochea moto ili maji yakauke, chini ukaungua, juu ukabaki uji. Watoto walikula, njaa ilikuwepo. Lakini mama mmoja akatuuliza, "Walimu wangu, kuni zile mnajua nani alizileta?" Tukanyamaza. Ni yeye na wenzake, na wote tunajua kwenda porini siku hizi si mchezo.

Mama huyohuyo ndiye aliyetufundisha. Alipokimbia Palma, Machi 2021, alibeba sufuria yake ya umeme ya kupikia wali. Hapa Quionga hana pa kuichomeka, kwa hiyo ndani anaweka vyeti vya watoto, panya wasivifikie. Lakini alisema, "Sufuria hii ndiyo iliyonifundisha kupika hata kwenye mafiga."

Kivipi? Sufuria ya namna hii, ya kwanza kujizima yenyewe, iliuzwa Japani na kampuni ya Toshiba mwaka 1955. Kazi yake ni rahisi. Maji yanayochemka hayapiti nyuzi joto 100 hivi, kwa hiyo maji yakiwepo chini ya sufuria hapapandi zaidi ya hapo. Yakishanyonywa yote na mchele, joto linaruka, na swichi inajizima. Kumbe haijui kama wali umeiva! Inajua tu kwamba maji yamekwisha. Halafu wali unaachwa umefunikwa, unamalizikia kwa mvuke wake.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Maji ya wali yana kazi mbili: mengine yananyonywa na mchele, mengine yanapotea kwa mvuke. Ya kunyonywa huongezeka kadiri mchele unavyoongezeka. Ya mvuke hayaongezeki hivyo, maana sufuria ni moja, mfuniko mmoja, na muda ni karibu uleule. Kwa hiyo chungu kikubwa hakitaki maji mara mbili.

Sasa tufanye hivi:

1. Chambua mchele, uoshe, uroweke nusu saa. Ukiloweka, unaiva upesi.

2. Pima. Kikombe kimoja cha mchele, maji viwili. Vikombe vitano, maji saba au saba na nusu. Kumi, maji kama kumi na tatu. Mchele mpya wa mabondeni unataka maji pungufu, wa zamani unataka zaidi kidogo. Ukitia tui, nalo lihesabu kama maji.

3. Maji yakichemka tia mchele na chumvi, koroga mara moja tu, funika.

4. Sikiliza. Mwanzo sauti ni ya kutokota. Maji yakikaribia kwisha inageuka, inakuwa kama kukaanga kidogo kidogo. Hapo wewe ndo swichi! Vuta kuni zote, zizime kwa mchanga uzitumie kesho.

5. Bakiza makaa machache chini, mengine palia juu ya mfuniko, kwa dakika 15. Asiye na makaa afunge sufuria kwa kanga nzito au aiweke katika kikapu chenye nyasi kavu, dakika 20 au 30. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua joto linatoka.

Wiki iliyopita tulipika tena, mchele uleule vikombe 40, maji 48. Wali ulichambuka punje kwa punje, na ukoko ulikuwa mwembamba, watoto wakaugombania. Kuni zilibaki karibu nusu ya mzigo. Tukampelekea yule mama. Akazihesabu, akasema, "Hizi ni safari moja ambayo sitakwenda."

Basi jamani, huo ndio wali wa mwezi huu. Mwenye njia yake nyingine aje atuambie shuleni jioni, tutaiandika. Mpaka mwezi ujao, tukijaliwa.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.