Msituuzie Unene kwa Jina la Mababu

Kitabu hiki ni cha kusifu mila zetu na kuzilinda. Sisi tunaomba nafasi ya kugombana kidogo. Hatugombani na mila, tunagombana na neno moja linalosemwa kwa jina la mila, hapa Lushebere, kule Masisi-Centre, mpaka Goma: eti mababu walipenda mtu mnene, eti mwanamke asiye na mwili hana heshima kwa bwana yake, eti mwanaume asiye na tumbo bado hajafika. Kama neno hilo lingebaki la kuchekesha watu kwenye arusi, tungeliacha lipite. Lakini leo linauza dawa, na dawa hizo zinaharibu watu.

Tunasema vidonge vya kunenepesha. Kila mtu anavijua, ingawa mbele ya muganga hakuna anayevijua. Vinauzwa mezani sokoni, kati ya sabuni na betri za tochi, vikiwa vimefungwa katika kipande cha karatasi bila jina wala tarehe. Muuzaji anasema tu: «Mama, kunywa hii mwezi moja, bwana yako hatakutambua.» Huko Kinshasa, ambako jambo hili limeenea sana, watafiti wamekwisha kuandika juu yake, na majina ya dawa mbili yanarudi kila mara: siproheptadini na deksametazoni.

Siproheptadini ni dawa ya mtu anayewashwa ngozi au anayepiga chafya bila kuacha. Inaleta usingizi na inaleta njaa. Njaa hiyo ndiyo inayotafutwa. Mama anasinzia mchana, akiamka anakula bugali ya watu wawili, kisha anasinzia tena. Mama huyo ana mtoto mgongoni na moto jikoni. Tunauliza: ni babu gani aliyetaka mke wake asinzie karibu na moto?

Deksametazoni ni mbaya zaidi juu ya kuwa ni dawa nzuri. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa mahututi waliohitaji oksijeni. Lakini muganga anaitoa kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Mtu akiinywa miezi na miezi, uso unavimba na kuwa duara, mafuta yanakaa tumboni na nyuma ya shingo, huku mikono na miguu inakonda kwa sababu misuli inaliwa. Sukari inapanda katika damu, tansio inapanda, mifupa inapoteza nguvu, na kinga ya mwili inashuka, hata kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka. Wapita njia wanasema: «Ule mama iko na mwili, anapendeza!» Kumbe wanasifu uvimbe.

Sasa tuje kwa mababu wenyewe. Wanaowatetea wauzaji wanatuambia kwamba hata wafalme wa zamani walinonesha wake zao. Ni kweli, tusiifiche. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ng'ambo ya Rwanda, kaskazini-magharibi ya Tanzania ya leo, kwa mfalme Rumanika. Alikuta wanawake wa ukoo wa mfalme wamenoneshwa kwa maziwa mpaka kusimama ni shida. Alimpima mmoja, shemeji ya mfalme: mzunguko wa mkono wake ulikuwa karibu sentimita 58, paja karibu 79. Mbele yao binti ya mama huyo, wa miaka 16, alikuwa akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache. Speke aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1863.

Tuisome vizuri habari hiyo. Nani alinoneshwa? Wanawake wachache wa ikulu, wenye ng'ombe wengi na watu wa kuwalimia. Mwanamke wa kawaida hakuweza, maana shamba lake lingemngoja nani? Unene ule ulikuwa tangazo la mume: mimi ni tajiri mpaka mke wangu haondoki mkekani. Na ile fimbo? Kama jambo linapendwa, fimbo ni ya nini mkononi mwa baba? Wanaotaka mfano wa Karagwe waichukue na fimbo pamoja, tuone kama mabinti zetu watashukuru.

Tena Karagwe si kwetu. Kwetu Masisi na Walikale shujaa ni nani? Wanyanga wa Walikale wana Mwindo, mtoto wa Shemwindo, mwami wa Tubondo. Hadithi yake ilichukuliwa kinywani mwa Shekarisi Rureke, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969. Jina la sifa la Mwindo ni Kabutwa-kenda, yaani mdogo aliyezaliwa akatembea saa ile ile. Mdogo, tena anayetembea! Hatudai kwamba hadithi ile ni somo la afya. Tunasema tu kwamba anayetafuta wazee wa kusifu tumbo, asipitie Walikale.

Na wazee waliposema «umenona», walisema nini? Walikuwa watu wa milima, waliojua miezi ya njaa kabla ya mavuno. Mtu aliyepita miezi ile bila mifupa kuonekana alipongezwa, ni haki yake. Mama aliyezaa aliwekwa nyumbani, akapewa uji, maharagi, nyama ikipatikana, na maziwa, ili apate nguvu na mtoto apate kunyonya. Hiyo ni mila nzuri, na tunataka iendelee. Lakini mila ile ilikuwa na mwisho: siku zikitimia, mama alirudi shambani, akapanda mlima na jembe begani. Leo tumechukua nusu ya mila, ile ya kulisha, tukaacha nusu ya pili. Anayeishi mjini, au anayefanya kazi ya kukaa kama sisi walimu, anakula kama mtu anayelima hekta nzima, halafu anapanda moto kwenda dukani umbali wa kutupa jiwe.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuisema kwa sauti. Ni ukimwi. Mwaka 1985 waganga wa Uganda na wenzao waliandika katika gazeti la Lancet juu ya ugonjwa mpya wa Rakai, ambao wananchi waliupa jina la «slim», yaani wembamba, kwa namna ulivyomaliza watu. Tangu miaka ile, katika nchi zetu zote, kukonda kumekuwa mashitaka. Mtu akipunguza kilo tano, jirani anaanza kuhesabu. «Umekonda sana, kuna nini?» Tunajua wamama waliokatazwa sukari na mafuta na muganga, wakaanza vizuri, wakaacha kwa sababu ya jicho la majirani. Huo ndio ukweli: kwetu mtu anaogopa kupona kwa sababu kupona kunafanana na kuugua. Na hofu yenyewe imepitwa na wakati. Leo mwenye virusi anayekunywa dawa zake kila siku anaishi na uzito wake, na wengine wananenepa. Unene hauthibitishi kwamba mtu hana virusi, na wembamba hauthibitishi kwamba anavyo. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Tunasikia tayari jibu la wasomaji wengine: «Walimu, mko na wazimu? Hapa watu wamekimbia vita, watoto wana utapiamlo, na ninyi mnaandika juu ya wanene?» Jibu hili lina uzito na hatulikimbii. Lushebere imepokea wakimbizi mara ngapi? Tangu vita vya 1993 Masisi haijalala usingizi wa kweli. Lakini njaa na unene si maadui wanaoishi mbali. Wanakaa nyumba moja. Huko Uholanzi, mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu walifungiwa chakula mpaka wakala mizizi ya maua. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati ule walifuatwa na waganga kwa miaka mingi, na walipokuwa watu wazima baadhi yao walionekana miili yao haiwezi kushughulika na sukari vizuri. Mwili uliofundishwa njaa mapema unaweka akiba kwa nguvu siku chakula kinapokuja. Sasa hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa msituni Masisi mwaka 1993 au 1996, leo ni mtu mzima Goma, anakaa dukani, anakunywa bia na vinywaji vya sukari. Kumwambia mtu huyo kwamba tumbo ni baraka ya mababu ni kumchimbia shimo.

Bia, tuiseme pia, kwa kuwa wababa wanacheka wakisikia habari za vidonge vya wamama. Chupa kubwa ya sentilita 72 inakaribia kalori 300, sawa na gramu 350 hivi za viazi vya kuchemsha. Anayekunywa tatu jioni amekula sahani nzima ya viazi ambayo haikuonekana, na bado anadai bugali na nyama ya kuchoma. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori karibu 120, na katika sombe letu la siku hizi vijiko havihesabiki. Hatusemi kwamba kila mnene ni mlafi. Kuna watu waliorithi mwili wa namna hiyo katika ukoo, kuna ugonjwa wa tezi, kuna dawa za waganga zinazonenepesha. Anayemcheka mnene barabarani hatumtaki upande wetu.

Namna ya kujua ni rahisi, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa kimo kwa mita kilichozidishwa kwa kimo. Mama wa mita 1 na sentimita 60 mwenye kilo 80: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 80 ukigawanya kwa 2.56 unapata zaidi ya 31. Kwa mtu mzima Shirika la Afya Duniani linahesabu uzito umezidi kuanzia 25, na unene wa kupindukia kuanzia 30. Asiye na mizani achukue kamba ya fundi cherehani apime kiuno: sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume, zaidi ya hapo hatari ni kubwa. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya kuliko ya nyonga, kwa kuwa yanazunguka ini na matumbo, na yanafanya insulini isisikilizwe na mwili. Ndipo ugonjwa wa sukari unapoingia, na tansio, na moyo, na kupooza upande mmoja. Magoti yanakufa mapema. Mama mjamzito anapata hatari zake, na kansa ya tumbo la uzazi inaongezeka. Shirika hilo lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu wazima milioni 890 duniani walikuwa na unene huo. Si ugonjwa wa Wazungu tena.

Matibabu hayana miujiza. Mwenye kilo 90 akipunguza tano mpaka tisa tu, polepole, sukari yake na tansio yake vinaanza kushuka. Nusu ya sahani iwe lengalenga, sombe lisilo na mafuta mengi, kabichi. Maharagi yabaki, hayana kosa. Bugali ipunguzwe ngumi moja. Maji yachukue nafasi ya vinywaji vya sukari. Kutembea dakika 150 kwa juma kunaombwa na wataalamu, na kwa mama anayelima milima yetu hesabu hiyo inakwisha siku ya pili. Ushauri huo ni wa sisi wa ofisini. Siku hizi kuna pia sindano za kupunguza uzito, kama semaglutidi. Zinasaidia kweli, lakini bei yake si ya mwalimu, na mwezi wa 6 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya zile za uongo zilizokwisha kuingia sokoni. Tunatabiri bila kuwa waganga wa kupiga ramli: yule anayeuza vidonge vya kunenepesha leo, kesho atauza na vya kukondesha, kwenye meza ile ile.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya. Mashangazi wanaomuandaa bibi arusi waache kumtafutia vidonge vya «kujaza mwili» miezi miwili kabla ya arusi, na mkwe akilalamika kwamba bibi arusi ni mwembamba, wamuulize yeye kama ameleta ng'ombe wa maziwa. Wakuu wa soko wajue kwamba dawa bila jina kwenye meza ya sabuni si biashara. Sisi walimu wa biolojia tuweke hesabu ile ya kilo na mita katika somo la darasa, mbele ya wasichana na wavulana.

Na mama ambaye anasoma haya na amekwisha kunywa vidonge hivyo kwa miezi, tunamwomba asivitupe leo kwa hasira. Deksametazoni ikizoeleka, tezi ndogo zilizo juu ya figo zinaacha kazi yao. Ukiikata ghafla, mwili unaweza kuanguka, kutapika, tansio kushuka mpaka kifo. Achukue karatasi ile na vidonge vilivyobaki, aende navyo kituo cha afya, amwambie muuguzi: nimekunywa hivi, tangu mwezi fulani, viwili kwa siku. Atapunguziwa kidogo kidogo. Na muuguzi, tafadhali, asimcheke.