Kompyuta Kuukuu Ikinyamaza, Isizikwe Upesi

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita lilitolewa shauri kwamba kompyuta mpakato tatu zilizo stoo ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila mzazi atoe mchango ili zinunuliwe mpya. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nje nikipanga viti vya ziada, nikayasikia yote dirishani. Si desturi yetu mwanafunzi kuwajibu wazee mkutanoni, basi najibu hapa, kwa adabu: shauri hilo silikubali.

Nyumbani kwetu Izimbya tunayo kompyuta mpakato iliyotengenezwa mwaka 2012. Mjomba alitupa alipopata nyingine kazini. Ina kumbukumbu ya GB 4, na mfuniko wake umekwaruzika kama sufuria ya kupikia ndizi. Kazi yake kubwa si michezo. Jirani yetu mmoja, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, macho yake hayaoni vizuri. Herufi za kitabu zamshinda hata akivaa miwani. Kila jioni mimi huchapa maandishi ya masomo ya siku ile, naye hukaa mkekani akisikiliza mashine ikimsomea. Sauti ya mashine ni ya bati, na Kiswahili chake ni kama cha mgeni aliyeshuka melini jana, lakini yeye amekwisha kuizoea. Mwaka huu ana mtihani wa Kidato cha Nne.

Masika yalipopamba moto, mashine ikanyamaza. Taa zinawaka, picha zinaonekana, lakini spika hazitoi hata mlio wa mbu.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akabonyeza vitufe viwili vitatu, akasema mfumo endeshi umezeeka, ukibadilishwa sauti itarudi. Baba akalipa shilingi 30,000, nazo zilikuwa pesa za kahawa. Ikaondolewa Windows 7, ikawekwa Windows 10. Tukarudi nyumbani na mashine bubu vilevile, tena sasa ina mwendo wa kinyonga. Simlaumu fundi peke yake, maana hata sisi hatukumwuliza amejuaje. Ni sawa na mtu anayeumwa jino akanunuliwa viatu! Kwa majuma matatu rafiki yangu alikuwa akinisubiri nimsomee kwa mdomo, nami nilikuwa na kazi zangu za nyumbani, na siku nyingine nilimwambia nimechoka. Hilo bado laniuma.

Mwalimu wetu wa Fizikia ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Je, mmeijaribu kwa mfumo mwingine bila kuuweka ndani?" Sikujua kwamba jambo hilo lawezekana. Akachukua flashi ya GB 8 iliyotiwa Linux, akaiwasha mashine kwa flashi ile, na vilivyomo ndani ya diski havikuguswa. Maana yake ni hii: sauti ikisikika kwa flashi, basi ugonjwa uko katika programu, isiposikika, yaelekea uko katika mwili wa mashine yenyewe.

Spika zilibaki kimya. Walakini tulipofungua alama ya sauti pembeni mwa skrini, tuliona imeandikwa kwamba sauti inakwenda kwenye spika za masikioni. Wala hakuna aliyekuwa amechomeka kitu! Mwalimu akachomeka zake, akasikiliza, akacheka, akanivalisha mimi. Wimbo ulikuwa ukilia wazi kabisa.

Ndani ya tundu lile la pembeni mna kibati kidogo. Waya wa spika za masikioni uingiapo hukisukuma, na mashine hujua kwamba yapasa kuzifunga spika kubwa. Kibati chetu kilikuwa kimeganda kwa uchafu na unyevu, kwa hiyo mashine ikadanganyika kuwa daima kuna mtu amevaa spika masikioni. Tukaizima, tukaitoa betri, tukasafisha tundu kwa brashi ndogo na spiriti kidogo, tukaiacha ikauke, kisha tukachomeka na kuchomoa waya mara nyingi. Tulipoiwasha, ikalia. Gharama ilikuwa spiriti ya kidoleni.

Baada ya sauti kupona ndipo tukafikiri habari ya mfumo endeshi, na ndivyo nionavyo mimi kuwa utaratibu wa haki. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo yataka kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel yataka prosesa za kizazi cha 8 au zaidi. Yetu ni ya kizazi cha 3. Tukanakili kwanza mafaili yote kwenye flashi nyingine (asiyefanya hivyo atalia), tukaweka Linux Mint 22, ambayo itapata marekebisho hadi mwaka 2029, bila malipo. Yasoma kwa sauti kama kwanza, na mwendo wake ni mwepesi.

Wako watakaosema hivyo ni vitu vya wageni. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, naye alikuwa mwanafunzi tu huko Helsinki. Na mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye maneno ya Kiswahili. Basi wageni ni akina nani?

Nakiri kwamba programu nyingine za ofisini hazikubali Linux, na barua iliyoandikwa kwa Word huweza kupinda mistari ikifunguliwa kwa LibreOffice. Nakiri pia kwamba mashine nyingine hufa kweli. Katika zile tatu za stoo, moja ina skrini iliyopasuka, nami siiombei. Lakini zile mbili nyingine, nijuavyo, hakuna aliyezipima. Ziliitwa mbovu kwa kuwa moja haikutoa sauti na ya pili ilichelewa kuwaka. Mzazi auzaye ndizi ili alete mchango ana haki ya kuambiwa kwanza nini hasa kimekufa.

Naomba Jumamosi mbili tu, pamoja na Mwalimu na wanafunzi watatu au wanne wenye mikono mitulivu. Flashi ninayo. Brashi nitaileta toka nyumbani.