Kuhamisha mita ya umeme Bukavu na Goma: kwa nini njia ya mkato inagharimu zaidi

Katika kartie nyingi za Bukavu na Goma, kuhamisha mita ya umeme, au kompteri kama wakaaji wengi wanavyoiita, huchukuliwa kuwa kazi ya saa moja. Mwenye parseli ameuza sehemu ya kiwanja, amejenga nyumba mpya nyuma, au anataka kubomoa ukuta ambako mita imefungwa. Anaita fundi wa mtaa, wanapatana bei, kisha wanangoja delestaji ili umeme ukatike. Jioni mita iko mahali papya na taa zinawaka. Hakuna barua, hakuna risiti, na shirika la umeme halikuulizwa.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inagusa sehemu ya umeme ambayo mwenye nyumba hana namna ya kuizima. Disjonkteri ya ndani hukata umeme unaokwenda kwenye vyumba tu. Waya unaotoka kwenye nguzo na kuingia katika mita hubaki na umeme hata disjonkteri ikiwa imezimwa. Anayeweza kuukata kwa uhakika ni ajenti wa shirika, akiwa kwenye nguzo.

Ndiyo maana mafundi wengi husubiri delestaji, na hapo ndipo hatari ilipo. Bukavu hupata umeme wake hasa kutoka mabwawa ya mto Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, inatumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umekua kuliko umeme uliopo, na kartie hupewa umeme kwa zamu. Lakini zamu haina saa ya kuaminika. Umeme unaweza kurudi wakati wowote, bila kengele wala tangazo, huku fundi ameshika waya mtupu juu ya ngazi.

Upande wa sheria, mambo hayana utata mwingi. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyorekebishwa mwezi Desemba 2018, ndiyo inayoongoza sekta ya umeme nchini. Iliondoa ukiritimba wa shirika la serikali SNEL na kufungua mlango kwa kampuni nyingine, na pia inataja makosa na adhabu kwa wanaoharibu vifaa vya umeme au kuuchukua kwa wizi. Mita ndiyo mpaka kati ya mtandao wa shirika na nyumba ya mteja. Hufungwa kwa plombe ili ijulikane kama kuna mtu aliyeifungua. Mara plombe inapokatwa na mtu asiye ajenti wa shirika, mwenye jina kwenye mkataba hujikuta katika hali ya mshukiwa. Hata kama hakuiba hata wati moja, ni vigumu kwake kuthibitisha.

Kwa wenye mita za kulipia kabla, mtego ni mkubwa zaidi. Namba ya mita imeunganishwa na jina la mteja, anwani na bei anayotozwa. Mita nyingi za aina hiyo hutambua pale kifuniko kinapofunguliwa na kujifunga zenyewe. Mteja anaweza kununua umeme, akaingiza namba zote 20, na taa zisiwake mpaka shirika litoe namba ya kufungua. Hapo ndipo ajenti anapofika na kukuta mita haiko pale ilipoandikwa.

Hatari ya tatu haionekani siku ya kwanza. Mita ikihamishwa, nyaya zinazotoka kwenye mita kwenda vyumbani huwa ndefu zaidi, na fundi wa mtaa mara nyingi hutumia waya alionao. Chukua mfano wa nyumba iliyo mita 40 kutoka kompteri, ikitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ambao kwa kawaida ni wa taa. Familia ikiwasha resho mbili za wati 2,000 kila moja, waya huo hubeba karibu ampea 18. Takriban volti 16 hupotea njiani, na wati zipatazo 300 hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Kwa kuwa umeme huo umeshapita kwenye mita, familia inaulipia. Kwa maneno mengine, inanunua joto linalochoma nyaya zake.

Katika nyumba za mbao zilizobanana, joto hilo halihitaji muda mrefu. Wakaaji wa Nyamugo na kartie nyingine za tarafa ya Kadutu wanajua jinsi moto wa nyumba moja unavyoweza kuwa moto wa avenyu nzima, hasa pale gari la zimamoto lisipopata njia ya kupita. Kuna pia mabati. Waya uliopitishwa juu ya paa bila bomba la kuukinga husuguliwa na upepo hadi ngozi yake inatoboka. Kuanzia hapo paa lote linaweza kushika umeme, na mtoto anayegusa ukuta wa bati wakati wa mvua ndiye anayegundua.

Goma ina ugumu wake. Waya wa ardhi, ule unaopaswa kupeleka umeme uliovuja udongoni, hufanya kazi vizuri katika udongo wenye unyevu. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya mawe ya volkano, ambayo hayapitishi umeme kwa urahisi. Chuma kilichopigwa sentimita chache kati ya mawe hayo hakilindi mtu. Kwa sababu hiyo, disjonkteri ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30 ni muhimu zaidi huko. Mita inapohamishwa, ndio wakati mzuri wa kuifunga na kumwita fundi mwenye kifaa cha kupima ardhi.

Jambo lingine ni wingi wa mashirika. Mbali na SNEL, Goma imepata Virunga Energies, yenye bwawa la Matebe huko Rutshuru, SOCODEE, na Nuru inayotumia jua. Ushindani huo umesaidia wateja, lakini parseli moja sasa inaweza kuwa na mita mbili za mashirika tofauti. Fundi anayehamisha moja akachanganya nyaya zake na za nyingine anaweza kurudisha umeme kwenye mtandao ambao maajenti wanaamini umezimwa. Kosa la nyumba moja linaweza kumuua mtu aliye kwenye nguzo ya avenyu nyingine.

Hata hivyo, ingekuwa rahisi mno kuwatupia lawama wakaaji na mafundi peke yao. Watu huchagua njia ya mkato kwa sababu ile halali mara nyingi ni ndefu na haieleweki. Wachache wanajua barua ipelekwe kwa nani, itajibiwa baada ya siku ngapi, na bei halisi ni kiasi gani. Pale bei isipobandikwa ukutani, ajenti asiye mwaminifu hujiwekea yake. Mteja akitakiwa kulipa mkononi bila risiti, haoni tofauti kubwa kati ya ajenti huyo na fundi wa mtaa, isipokuwa fundi anakuja leo.

Njia inayomlinda mteja huanza na karatasi. Mwenye mkataba huandika barua akitaja namba ya mita, mahali ilipo, anapotaka iende na sababu, kisha hubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mpangaji hawezi kuomba bila idhini ya mwenye nyumba. Deni la zamani huulizwa mapema, kwani laweza kusimamisha ombi. Shirika likishatembelea mahali, mteja hudai devi iliyoandikwa na hulipa kwenye kasha au benki, kamwe si mfukoni mwa mtu. Siku ya kazi, namba zilizo kwenye mita huandikwa kabla na baada, pande zote mbili husaini, na plombe mpya hufungwa mbele ya mteja. Fundi wa mteja ana kazi yake halali pia: nyaya za baada ya mita, unene wake, mabomba na kinga. Mahali papya panapaswa kuwa pakavu, mbali na jiko, kwa kimo cha macho, na ajenti aweze kupafikia.

Kwa upande wa mashirika, mambo matatu hayahitaji bwawa jipya: kubandika bei, kutangaza muda wa kujibu, na kuwapa maajenti vitambulisho ambavyo shefu wa avenyu na wa nyumba kumi wanavijua. Mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme, ARE, iliyoundwa kwa amri ya Aprili 2016, ina jukumu la kuwalinda wateja. Lakini ulinzi huo hauna maana kama mkaaji wa Kadutu au Majengo hajui pa kupeleka malalamiko yake.

Mpaka hapo, fundi wa mtaa ataendelea kuitwa, na ngazi zitaendelea kusimikwa wakati wa delestaji. Kila mara, uhai wa mtu hutegemea umeme uchelewe kurudi.