Jaji Antonin Scalia na Neno la Sheria

Si desturi yetu katika ukurasa huu kueleza maisha ya wakubwa wa nchi za mbali, ila pawepo na faida ya kuichukua. Mwezi huu tumemchagua mtu asiyekuwa wa dini yetu, wala hakudai kuwa na mapenzi makubwa nasi. Hata hivyo hukumu aliyoiandika imekuwa ngao kwa binti wa Kiislamu aendaye kutafuta kazi nchini Marekani. Huyo ni Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1936 katika mji wa Trenton, jimbo la New Jersey. Baba yake alihamia huko kutoka kisiwa cha Sicily, akawa mwalimu wa lugha katika chuo cha Brooklyn. Mama yake naye alikuwa mwalimu wa shule. Hawakuwa na mtoto mwingine. Walimlea New York katika dini ya Kikatoliki, akasoma chuo kikuu cha Georgetown, kisha akasoma sheria Harvard na kumaliza mwaka 1960. Mwaka huo huo akaoa, na yeye na mkewe Maureen wakapata watoto 9. Alifanya kazi ya uwakili mjini Cleveland, akasomesha sheria katika vyuo vikuu vya Virginia na Chicago, na kati yake akaitumikia serikali. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan alimweka kuwa jaji wa mahakama ya rufaa mjini Washington, na mwaka 1986 akamteua kwa Mahakama ya Juu. Seneti ilimkubali kwa kura 98, na hapana hata mmoja aliyempinga. Alikaa katika kiti hicho karibu miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 13 Februari 2016, naye ana umri wa miaka 79.

Watu walimwita mhafidhina, yaani mwenye kushikilia yaliyotangulia. Njia yake ilikuwa hivi: sheria isomwe kwa maana waliyoifahamu watu siku ilipoandikwa, na jaji asiongeze wala asipunguze. Wananchi wakiona sheria haiwafai, mlango wao ni Bunge, si mahakama. Kwa njia hiyo alikataa kwamba Katiba ya Marekani yatoa haki ya kutoa mimba; akaandika hukumu ya mwaka 2008 iliyothibitisha haki ya raia kuwa na bunduki nyumbani; na mwaka 2015 akapinga hukumu iliyohalalisha ndoa za watu wa jinsia moja nchini kote. Kalamu yake ilikuwa kali hata kwa majaji wenzake. Lakini Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyekhitilafiana naye katika mambo mengi makubwa, alikuwa rafiki yake wa karibu, na familia zao zilikuwa zikikutana kila mwaka mpya.

Wapinzani wake walisema kwamba hiyo maana ya kale ilikuwa pazia tu la kufichia matakwa yake mwenyewe. Tusiharakishe kuwakubali wala kuwakanusha. Tutazame kwanza hukumu zake.

Mwaka 1989 mahakama iliulizwa kama yafaa kumwadhibu mtu aliyechoma bendera ya taifa kwa kuonyesha hasira yake. Scalia alikichukia kitendo hicho, lakini akawa pamoja na majaji 5 walioamua kwamba Katiba yamlinda mtu huyo, dhidi ya 4. Mwaka 1990 walikuja watu wawili wa jimbo la Oregon, wafuasi wa kanisa la wenyeji wa asili, waliofukuzwa kazi kwa kutumia katika ibada mmea wa kulevya uitwao peyote. Scalia aliandika kwamba sheria iliyowekwa kwa watu wote, isiyokusudia dini yoyote, haimwachii mtu kwa sababu ya ibada yake. Wenye dini nyingi walihuzunika, na mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria ya kurudisha ulinzi ule.

Kisha ikaja kesi ya binti yetu. Mwaka 2008, katika mji wa Tulsa, msichana wa Kiislamu aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch, naye amejifunika mtandio. Aliyemhoji alimwona anafaa. Mkubwa wake akaamuru asiajiriwe kwa sababu ya mtandio ule. Kampuni ilijitetea kwamba binti hakusema kuwa ajifunika kwa ajili ya dini. Tarehe 1 Juni 2015 mahakama ilimpa haki, majaji 8 kwa 1, na mwandishi wa hukumu alikuwa Scalia. Alisema kwamba Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 yamkataza mwajiri kumnyima mtu kazi ili aepuke kuiheshimu ibada yake, awe mwajiri ana yakini au anadhani tu.

Je, huyu ndiye yule wa mwaka 1990? Ndiye. Wale wa Oregon walitegemea Katiba, naye hakuyaona humo maneno ya kuwaokoa. Binti wa Tulsa alitegemea sheria ya Bunge, nayo maneno yake yalikuwa wazi. Vile vile mwaka 2004 Scalia aliandika kwamba Yaser Hamdi, Mwislamu raia wa Marekani aliyekamatwa Afghanistan, ama ashitakiwe ama aachiwe, maadamu Bunge halikuiondoa haki hiyo. Na mwaka 2008 akakataa kuwapa wafungwa wa Guantanamo wasio raia mlango wa mahakama, kwa hoja kwamba Katiba haiwafikii huko.

Basi udhaifu wa njia hii nao tusiufiche. Mnyonge ambaye jina lake halimo katika sheria, na ambaye sauti yake haifiki Bungeni, hapati kitu kwa jaji wa namna hii. Wafungwa wale walihitaji majaji wengine, nao walipatikana, 5 kwa 4.

Lakini vijana wetu waitazame hukumu ya Tulsa. Haikutoka katika huruma ya jaji kwa Waislamu. Ilitoka katika maneno yaliyoandikwa miaka mingi kabla, na watu waliopigania yaandikwe. Mzazi mwenye mtoto hodari wa kusoma asidhani kwamba udaktari na uhandisi ndiyo elimu pekee yenye manufaa. Amsomeshe na sheria, ili siku maneno yanapoandikwa awepo, na siku yanaposomwa mahakamani ajue kuyasoma.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.