GARI NI LAKO, BARABARA NI YETU SOTE

Imekuwa desturi siku hizi, mtu akiisha kununua gari, kulipeleka gereji kabla hata hajalizoea. Huko fundi huambiwa akate springi gari lishuke, aondoe sailensa lingurume, atie globu kali na kuvipaka vioo giza. Mwenyewe akiulizwa, hujibu: "Mali yangu, fedha yangu."

Jibu hilo ni nusu ya kweli. Gari ni lake, lakini barabara ni ya mfanyakazi arudiye na baiskeli kutoka zamu ya usiku, na ya mtoto avukaye kwenda shule. Globu kali ikitiwa katika taa isiyoundwa kwa ajili yake, mwanga hutawanyika na kumpofusha ajaye mbele. Springi ikikatwa, gurudumu huruka penye mashimo, na gurudumu lisiloshika ardhi halisimamishwi na breki yoyote.

Ndiyo sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu na la hatari kutembezwa barabarani. Tena kadi ya gari huandikwa rangi, namba ya injini na namba ya chasisi. Abadiliye rangi au injini yampasa aende Mamlaka ya Mapato kadi isahihishwe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani aliyeficha mabadiliko aweza kunyimwa fidia siku ya ajali. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Wala mipaka ya namna hii haiko kwetu tu. Huko Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu Aprili 1985 sharti kioo chake cha mbele kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na madirisha ya mbele asilimia 70.

Hatusemi kila badiliko ni kosa. Mtu na ashone viti vipya, na atie redio aipendayo. Hayo hayamdhuru jirani.

Lakini twasema pia, bila kuficha, kwamba kosa hili si la vijana peke yao. King'ora na kimulimuli ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Mkubwa avifungaye katika gari lake binafsi ili apishwe njia, naye asimamishwe na askari sawasawa na kijana yule wa sailensa. Sheria isiyomgusa mkubwa haitaheshimiwa na mdogo.